Tangu niambiwe nina saratani ya titi, silali

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa Msimbati, Mtwara. Tangu nipewe majibu silali, chakula hakipiti, na majirani nawakwepa. Je, ninarukwa na akili?

JIBU: Pole sana, mama. Hurukwi na akili. Hofu na huzuni huwapata wengi baada ya majibu hayo. Zikidumu zaidi ya wiki mbili, huenda ni sonona, nayo hutibika kwa ushauri nasaha na, ikibidi, dawa. Mweleze daktari wako Hospitali ya Ligula. Ukipewa rufaa ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, nenda na ndugu unayemwamini. Usisubiri moyo utulie ndipo uanze tiba: mwili na moyo hutibiwa pamoja. Ukiwaza kujidhuru, mwambie mtu leo hii na uende hospitali mara moja.