SOMO: Wagombea Walipoingia Kati ya Majirani



Somo la toleo hili limetokana na kikao cha vijana kilichovunjika. Wengi mmekwisha kusikia habari yake. Vijana wawili, wote wa kwaya, walikuwa wakisikilizishana sauti zilizotumwa kwa WhatsApp kutoka nyumbani Kongo. Mmoja alisema katiba ibadilishwe ili rais aendelee na kazi yake. Mwingine alisema anayegusa katiba ni adui wa nchi. Walianza kwa kucheka. Kufika saa ya kufunga kwa maombi walikuwa wameitana majina ambayo hatuwezi kuyaandika hapa, na Jumapili iliyofuata mmoja hakuja kuimba.

Kwa mujibu wa katiba, uchaguzi wa rais unaofuata ni mwishoni mwa 2028. Kama tumeanza kugombana mapema namna hii, tutafikaje huko?

Wako wanaosema dawa ni kunyamaza, kwamba siasa ni uchafu na mkristo asiiguse. Mimi sikubaliani nao. Tuko chini ya turubai hizi kwa sababu ya siasa. Mtoto anayeuliza kwa nini hajawahi kuona Baraka au Uvira anauliza swali la siasa, hata kama hajui neno hilo. Ukimnyamazisha hapa, atajibiwa na mwingine kwenye bomba la maji, na huenda jibu hilo likawa baya kuliko lako. Afadhali tujifunze kubishana.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2006 nilikuwa na jirani aliyetoka Équateur, mume wa dada mmoja wa kwetu Fizi. Tulikimbia pamoja, tukajenga karibu, tukanunua baiskeli moja ya kubebea posho na kuni. Siku moja yake, siku moja yangu. Kwa kuwa nilimzidi umri aliniita yaya, na watoto wake waliniita baba mkubwa. Jioni tulikaa chini ya mwembe na redio, tukisikiliza habari za uchaguzi wa nyumbani.

Wazee mnakumbuka uchaguzi ule. Tarehe 30 Julai 2006 watu walipiga kura wakiwa na wagombea 33 wa urais kwenye karatasi, kila mmoja na picha yake. Sisi wa kambini hatukupiga, maana kura ilikuwa ya walioandikishwa ndani ya nchi. Lakini kubishana hakukuhitaji kadi! Joseph Kabila alipata karibu 45 kwa mia, Jean-Pierre Bemba 20, mzee Antoine Gizenga 13. Hakuna aliyevuka nusu, kwa hiyo duru ya pili ikafanyika tarehe 29 Oktoba, Kabila na Bemba peke yao. Hapo ndipo mwembe wetu ulipopata moto.

Mimi nilikuwa wa Kabila. Ukiniuliza leo kwa nini, nasema ukweli: kwa sababu alisema Kiswahili na kwetu wote walikuwa wake. Kivu ya Kusini ilimpa zaidi ya 90 kwa mia katika duru ile ya pili, na Équateur ikampa Bemba vivyo hivyo. Fikirini jambo hilo. Je, watu wote wa Fizi walikuwa wamesoma mpango wa Kabila, na watu wote wa Gbadolite wamesoma wa Bemba? Kila upande ulichagua mtu wa lugha yake na aliyeaminiwa kuwa ameusimamisha mbali mtutu wa bunduki. Sisemi ilikuwa dhambi. Mtu aliyechomewa nyumba huchagua kwanza atakayemlinda. Lakini tulidhani tunabishana juu ya mawazo, kumbe tulikuwa tunabishana juu ya mahali mtu alipozaliwa.

Jirani yangu alitumia neno lililovuma wakati ule, kwamba mgombea wake ndiye mwana wa nchi wa kweli, na wangu si Mkongomani. Mimi nilimjibu kwamba watu wa Équateur walikula nchi miaka 32 chini ya Mobutu, na sasa wanataka kuirudia sahani. Nilisema hivyo mbele ya mke wake na watoto. Hakunijibu. Kesho yake aliniita "bwana" badala ya yaya, na baiskeli ilikaa wiki tatu ukutani, kila mmoja akibeba posho yake kichwani.

Kulikuwa na mwingine aliyesikia. Mama mmoja wa kwaya, ambaye watu wake wameambiwa tangu zamani kwamba si wa nchi, alikuwa akiteka maji karibu. Alisikia neno lile, "si Mkongomani", likirushwa kama jiwe, na akasikia kwamba mimi sikulikataa. Nilitafuta jiwe langu tu. Hakuja kanisani muda mrefu. Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Baba, ninyi wawili mlikuwa mnacheza. Neno hilo mimi liliniulia ndugu."

Sitalisahau jibu hilo. Na kumbe jibu la sheria lilikuwepo tayari. Sheria ya uraia ya Kongo ya Novemba 2004 inasema Mkongomani wa asili ni yule wa makabila ambayo watu wake na ardhi yao viliunda nchi iliyoitwa Kongo wakati wa uhuru. Kuhusu wagombea, kazi ya kupima nani anastahili iko kwa tume na mahakama. Haiko chini ya mwembe. Unaweza kumkataa mgombea kwa mambo mia moja bila kuugusa uzawa wake, na bila kumchoma jirani aliyesimama na ndoo yake.

Sasa tutazame yale tuliyoyaita mawazo makubwa, maana wasomi wetu pale mwembeni walikuwa nayo mengi. Mmoja alikuwa mfuasi wa Lumumba, akimtetea Gizenga aliyekuwa naibu wa Lumumba serikalini mwaka 1960. Mwingine aliona wakati wa Mobutu kulikuwa na utaratibu, akampenda Nzanga Mobutu, mwana wa marehemu. Hawa wawili walikaa benchi tofauti hata ibadani. Je, mnajua kilichofuata? Gizenga na Nzanga Mobutu wote wawili walijiunga na upande wa Kabila kwa duru ya pili. Desemba 2006 Gizenga akateuliwa waziri mkuu, na mwana wa Mobutu akaingia katika serikali hiyo hiyo. Mtu wa Lumumba na mwana wa Mobutu, meza moja, chini ya mwana wa Laurent Kabila aliyempindua Mobutu mwaka 1997. Na benchi zetu bado zilikuwa mbili.

Hayakuishia hapo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa 38.57 kwa mia, Martin Fayulu akiwa na 34.83. Kanisa Katoliki, lililokuwa limeweka waangalizi wapatao 40,000, lilisema hesabu zake hazikulingana na matokeo hayo. Tshisekedi alitawala kwanza pamoja na watu wa Kabila, hadi walipoachana mwishoni mwa 2020. Corneille Nangaa, aliyeyasoma matokeo ya 2018 kama mkuu wa tume, alitangaza mwezi Desemba 2023 umoja wa kisiasa na kijeshi pamoja na M23. Kabila mwenyewe alihukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi ya Kinshasa mwezi Septemba 2025, akiwa hayupo. Na Bemba, ambaye jirani yangu alimlilia mwaka 2006, akawa waziri wa ulinzi Machi 2023.

Siandiki haya ili mseme wote ni wamoja na kura haina maana. Huo ni uvivu wa akili. Naandika ili tuone kwamba mtu hubadilika, anahama, anapatana na adui wa jana. Ukifunga urafiki wako kwenye jina lake, utahama naye mara ngapi? Jambo lenyewe ndilo linalobaki pale pale, na kuna mambo ya kubishania yenye uzito.

Kwa mfano, katiba ya 18 Februari 2006 ilisema nchi iwe na mikoa 26 pamoja na Kinshasa, na kwamba mikoa ibaki na 40 kwa mia ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwake. Mikoa mipya ilikuja kuanza kazi mwaka 2015. Je, mkoa mdogo unaweza kulipa walimu wake? Je, fedha zikibaki Kalemie zitajenga barabara, au zitamnenepesha mkubwa wa Kalemie badala ya mkubwa wa Kinshasa? Hapo watu wawili wenye nia njema wanaweza kupingana mpaka usiku, na wote wakalala wamejua kitu.

Au lile la vijana wetu. Kifungu cha 70 kinampa rais miaka mitano, na kinaweza kurudiwa mara moja tu. Kifungu cha 220 kinakataza kubadilisha idadi na urefu wa vipindi hivyo. Oktoba 2024, akiwa Kisangani, rais Tshisekedi alisema nchi inahitaji katiba iliyoandikwa upya kulingana na hali yake. Wanaomuunga mkono wanasema katiba ya 2006 ilitungwa wakati wa kutoka vitani na ina vifungu vinavyochelewesha kazi. Wanaompinga wanasema mlango ukifunguliwa, kifungu cha 220 ndicho kitakachotoka kwanza. Nimewauliza vijana wale wawili kama wamekisoma kifungu chenyewe. Hakuna aliyekisoma. Walikuwa wamesikia sauti ya mtu wa Nairobi na sauti ya mtu wa Kinshasa.

Hapo niseme kidogo juu ya simu. Mwaka 2023 Wakongomani wa nje waliruhusiwa kupiga kura katika nchi tano tu: Afrika Kusini, Ubelgiji, Kanada, Marekani na Ufaransa. Kambi zetu hazikuwemo. Lakini ndugu zetu walioko nyumbani hupiga, na neno unalotuma kutoka hapa hufika kwao likiwa na uzito wa kaka au mama. Masisi na Rutshuru hawakupiga kura mwaka ule kwa ajili ya vita. Sauti ya uongo ikitumwa mahali penye vita, haipotezi kura tu.

Tukumbuke pia kwamba sisi ni wageni. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969, kifungu cha tatu, unatutaka tufuate sheria za nchi iliyotupokea na tusifanye shughuli za kuishambulia nchi yoyote mwanachama. Kuwa na maoni hakukatazwi. Kuchangisha fedha za kundi la silaha, au kuligeuza kanisa kuwa ofisi ya chama, ni jambo lingine. Ndiyo maana kijarida hiki hakitamtetea mgombea yeyote, na mhubiri atakayetaja mtu wa kuchaguliwa madhabahuni atarudishwa kwa wazee.

Wale kumi na wawili walioitwa na Bwana wanatusaidia hapa. Katika orodha yao yumo Mathayo mtoza ushuru, kazi iliyoonwa kuwa ya kuwatumikia wakubwa wa Rumi. Yumo pia Simoni aitwaye Zelote, jina la mtu mwenye wivu mkali kwa taifa lake. Kwa siasa za wakati ule, hawa wawili hawakupaswa kukaa nyumba moja. Injili hazituambii walisema nini usiku walipolala njiani. Mimi nadhani walibishana sana. Lakini majina yao yameandikwa pamoja, na hakuna mahali tunaposoma kwamba mmoja aliondoka kwa sababu ya mwenzake.

Jirani yangu aliitwa kwa safari ya nchi ya tatu mwaka 2009. Tulikuwa tumekwisha kusalimiana, ila kwa mkono tu. Siku ya basi alinisukumia baiskeli mpaka mlangoni akasema, "Siku zote ni zako sasa." Mimi nilishindwa kusema lile nililopaswa kusema tangu 2006. Machi 2023, Bemba alipopewa ulinzi, simu yangu ililia. Ilikuwa sauti yake, amezeeka, anacheka: "Yaya, mtu wangu ameingia kwa mtu asiye wako. Sasa tutagombana juu ya nani?" Nilimjibu kwa sauti ndefu kuliko zote nilizowahi kutuma. Nusu yake ilikuwa kuomba msamaha mbele ya mke wake, maana niliwatukana watu wa mume wake mbele yake.

Mama wa kwaya naye alirudi, lakini hakai tena safu ya mbele. Nimemwomba ruhusa ya kuandika habari hii, akasema niandike, mradi nisiseme kwamba yamekwisha.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika vikundi:

1. Mgombea unayempenda, taja jambo moja alilofanya, na mwaka alipolifanya. Ukikosa, je, unampenda kwa sababu gani?

2. Eleza maoni ya yule unayempinga mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba umeyasema sawasawa. Ilikuwa vigumu wapi?

3. Someni kwa sauti vifungu vya 70 na 220 vya katiba. Nakala ya Kiswahili iko kwa katibu wa kanisa, mrudishe jioni.

4. Ni nani alikuwa karibu na ndoo yake mlipobishana mara ya mwisho?