Tunza Sakafu, Linda Mtoto

Nyumba nyingi za Mbagala, Tandika, Kawe na Tegeta zina sakafu ya saruji. Watu wengine huipaka dawa nyekundu ya sakafu, kisha huisugua kwa kumbi la nazi mpaka ing'are. Ni desturi nzuri. Sakafu iliyopakwa hainyonyi uchafu upesi. Hapo chini ndipo tunapotandika mkeka na kula. Hapo ndipo mtoto anapotambaa, kisha akatia vidole kinywani.

Adui wa kwanza wa sakafu ni mchanga. Dar es Salaam mchanga ni mwingi, na miguu yetu huuingiza ndani. Nao hukwaruza kama msasa. Basi weka gunia mlangoni, na viatu vivuliwe nje. Fagia kila siku. Kisha pitisha kitambaa kilicholowa na kukamuliwa vizuri. Usimwage ndoo nzima ya maji! Sabuni nayo iwe kidogo, na uisuuze. Sabuni iliyobaki huleta utelezi na hushika vumbi.

Je, sakafu yako ina nyufa? Zizibe kwanza. Mabaki ya chakula hujificha humo, na viroboto huzaliana humo. Kwangua ufa, uloweshe, kisha ujaze saruji. Changanya kopo moja la saruji na makopo matatu ya mchanga. Lowesha kiraka kila siku kwa siku saba. Ngoja mwezi mmoja ndipo upake dawa.

Dawa ipakwe kidogo tu. Wengi wetu hupaka nyingi tukidhani itang'aa zaidi. Sivyo. Hunata, ikakusanya vumbi. Paka, acha ikauke, ndipo usugue. Usipake kwenye ngazi wala bafuni. Bibi au babu akiteleza anaweza kuvunjika nyonga, na mfupa wa mzee hauungi upesi.

Sasa tuzungumzie mafuta ya taa. Wapo wanaojitengenezea dawa ya sakafu kwa mishumaa na mafuta ya taa. Huyeyusha vyote pamoja juu ya jiko la mkaa. Usifanye hivyo kamwe. Mvuke wa mafuta ya taa hushika moto ghafla, na anayekoroga ndiye anayeungua. Kopo la dukani lina bei, lakini heri hilo.

Tena, mafuta hayo huwekwa wapi? Mara nyingi kwenye chupa ya soda au ya maji, sakafuni, karibu na kitambaa. Mtoto mwenye kiu huona maji. Yaweke kwenye dumu lenye kifuniko, juu, mahali asipofika. Usiyatie kamwe kwenye chupa ya kinywaji.

Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Akitapika, mafuta huweza kuingia kwenye mapafu na kuyaunguza. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Mvue nguo zilizolowa, umwoshe ngozi kwa maji na sabuni. Kisha mpeleke upesi kwenye zahanati au hospitali iliyo karibu, kama ile ya Temeke au Mwananyamala. Nenda hata kama anacheza na kucheka, kwa maana kikohozi na kupumua kwa shida huweza kuja saa kadhaa baadaye. Chukua na ile chupa, mganga aione.