Herufi Moja Katika Kitabu cha Urithi: Jeni na DNA kwa Mifano ya Kitale na Webuye

Utangulizi

Waswahili husema kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Wahenga waliotunga methali hii walikuwa wamekwisha kung'amua kwamba kiumbe hurithi umbo na tabia kutoka kwa wazazi wake. Hata hivyo, methali hii haielezi kwa nini ndugu wawili wa tumbo moja hutofautiana, wala kwa nini wazazi wawili wenye siha njema huweza kumzaa mtoto mgonjwa. Maswali haya mawili ndiyo kiini cha elimu ya jeni.

Makala haya yanafafanua jinsi jeni zinavyofanya kazi na jinsi wanasayansi wanavyoichunguza DNA. Mifano imeteuliwa kutoka magharibi mwa Kenya: mahindi yanayopandwa Kibomet na viunga vingine vya mji wa Kitale, na damu ya wakazi wa Webuye katika Kaunti ya Bungoma. Hoja inayojengwa ni kwamba tofauti ndogo mno katika maandishi ya urithi huweza kuamua uhai na kifo, na kwamba maneno yanayotumiwa kuieleza tofauti hiyo huamua iwapo mgonjwa na jamaa zake watapata msaada au lawama.

Funzo la Shambani

Mkulima wa Kibomet anafahamu jambo moja hata bila kuingia maabara. Akinunua mbegu chotara za mahindi, shamba huota kwa usawa na mavuno huwa mema. Akiweka akiba ya punje za mavuno hayo na kuzipanda msimu unaofuata, mimea huwa mchanganyiko: mingine mirefu, mingine mifupi, na magunia hupungua. Wako wanaodhani kwamba wenye kampuni za mbegu wametia dawa ya kuizuia isizae tena. Ukweli ni mwingine, na unatokana na kanuni za urithi.

Utafiti wa mahindi ulianza Kitale mwaka 1955. Watafiti waliyachanganya mahindi yaliyokwisha kuboreshwa papo hapo, yaliyoitwa Kitale Synthetic II, na aina iliyotoka Ekwado, Amerika ya Kusini, iliyojulikana kama Ecuador 573. Uzao wa ndoa hiyo uliwazidi wazazi wote wawili, na mwaka 1964 ukatolewa kwa wakulima kwa jina la H611.

Siri ya uzao huo ni kwamba kila mmea hubeba nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa chavua na nyingine kutoka kwa yai. Wazazi wanapotoka katika koo zilizo mbali, nakala dhaifu ya upande mmoja aghalabu hufunikwa na nakala imara ya upande wa pili. Katika kizazi cha pili nakala hizo hugawanywa upya, kama karata zinavyochanganywa kabla ya kugawiwa wachezaji. Punje moja huangukiwa na nakala mbili imara, nyingine huangukiwa na mbili dhaifu. Kanuni hii ya mgawanyo iligunduliwa na Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza njegere katika mji wa Brno na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Mendel hakuwahi kuiona jeni. Aliihesabu tu kwa kutazama uzao.

Jeni na DNA

Kila kiumbe hai kimejengwa kwa seli. Ndani ya kiini cha seli ya binadamu mna kromosomu 46, yaani jozi 23, ilhali mahindi yana jozi 10. Kila kromosomu ni uzi mrefu wa DNA uliokunjwakunjwa. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick, wakisaidiwa na picha za miale ya eksirei zilizotokana na kazi ya Rosalind Franklin, walieleza kwamba DNA ina umbo la ngazi iliyosokotwa. Vidato vya ngazi hiyo hufanywa na kemikali nne, ambazo hufupishwa kwa herufi A, T, G na C. Daima A huambatana na T, na G huambatana na C. Kwa sababu hiyo, ngazi ikipasuliwa katikati, kila upande huweza kuujenga upya mwenzake. Hivyo ndivyo seli inavyojinakili.

DNA yote ya binadamu ina vidato bilioni 3 hivi. Jeni ni sehemu ya maandishi hayo yenye maelekezo kamili ya kutengeneza kitu fulani, aghalabu protini. Binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000. Protini ndizo watendakazi wa mwili: husaga chakula, hujenga misuli na hubeba hewa katika damu.

Kazi ya jeni hufanyika kwa hatua mbili. Kwanza, maandishi yake hunakiliwa katika uzi mfupi uitwao RNA, ambao hutoka nje ya kiini. Pili, karakana ndogo za seli ziitwazo ribosomu huusoma uzi huo herufi tatutatu. Kila kundi la herufi tatu hutaja asidi moja ya amino, na asidi hizo hufungamanishwa moja baada ya nyingine hadi protini ikamilike. Mwanafunzi wa lugha ataona mshabaha hapa: herufi huunda neno, maneno huunda sentensi, na herufi moja ikibadilika maana nzima hupotoka. Tofauti ya "baba" na "bata" ni herufi moja tu.

Herufi Moja ya Damu

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ugonjwa wa selimundu. Katika kromosomu ya 11 mna jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza sehemu moja ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika chembe nyekundu za damu. Kwa kawaida kundi la sita la herufi katika maelekezo hayo husomeka GAG. Kwa baadhi ya watu husomeka GTG. Badiliko hilo la A kuwa T huifanya ribosomu iweke asidi iitwayo valini mahali palipopaswa kuwa na asidi ya glutamiki. Asidi nyingine zote katika mnyororo wa asidi 146 hubaki vilevile. Vernon Ingram ndiye aliyeithibitisha tofauti hiyo huko Cambridge katika miaka ya 1956 na 1957.

Matokeo yake ni makubwa. Oksijeni inapopungua, himoglobini hiyo hushikamana na kuunda nyuzi ngumu, na chembe ya damu iliyokuwa duara hupinda ikawa kama mundu. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya viungo. Aidha, hufa mapema: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, ilhali iliyopinda huishi siku 10 hadi 20. Ndiyo maana mtoto hupungukiwa na damu mara kwa mara.

Mtu aliyerithi nakala moja iliyobadilika na moja ya kawaida huitwa mbebaji. Kwa kawaida haugui. Anayerithi nakala mbili zilizobadilika ndiye mgonjwa. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumleta mtoto mgonjwa, nafasi mbili za kumleta mbebaji, na nafasi moja ya kumleta mtoto asiye na badiliko lolote. Hesabu hii huanza upya kila mimba. Si kweli kwamba mtoto wa kwanza akiugua, watatu wanaofuata wamesalimika.

Kwa nini basi badiliko lenye madhara haya halikutoweka? Jibu lilitolewa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Allison aliwapima watu wa Afrika Mashariki na kutambua kwamba wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, palipo na malaria nyingi, na ni wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Akahitimisha kwamba nakala moja iliyobadilika humkinga mtoto dhidi ya malaria. Utafiti uliofanywa baadaye Kilifi ulionyesha kwamba kinga hiyo hupunguza malaria kali kwa takriban asilimia 90. Kwa hiyo herufi ileile inayomwua mtoto mmoja imemwokoa nduguye.

Jinsi DNA Inavyosomwa

Kuipata DNA si kazi ngumu. Matone machache ya damu au mate hutiwa kemikali za kupasua seli, protini huondolewa, na DNA hutenganishwa kwa alkoholi ikaonekana kama utando mweupe. Ugumu ni kwamba kipande anachokihitaji mtafiti ni kidogo mno. Mwaka 1983 Kary Mullis alibuni mbinu ya kukizidisha. DNA huchemshwa ili ngazi ipasuke, hupozwa ili vipande vidogo vya kuongoza vijishikize mahali panapotakiwa, kisha kimeng'enya hujenga upande uliokosekana. Kila mzunguko huiongeza idadi maradufu, na mizunguko 30 hutoa nakala zaidi ya bilioni moja kutokana na moja.

Baada ya kuzidishwa, kipande husomwa. Frederick Sanger alitoa njia ya kusoma herufi mojamoja mwaka 1977. Mashine za siku hizi husoma mamilioni ya vipande kwa wakati mmoja, na kompyuta huvipanga kwa kutazama mahali vinapofanana, kama mtu anayezipata nakala nyingi za kitabu kimoja zilizochanwachanwa na kukiunga upya kwa kulinganisha sentensi. Mradi wa kimataifa wa kusoma DNA yote ya binadamu ulianza mwaka 1990 na kutangazwa kukamilika mwaka 2003, ingawa mapengo ya mwisho yalizibwa mwaka 2022.

Kitabu kimoja, hata hivyo, hakitoshi. Ili kujua ni herufi zipi hutofautiana baina ya watu, sharti vitabu vingi vilinganishwe. Hapa ndipo Webuye inapoingia katika historia ya sayansi. Wakazi wa Webuye walijitolea kutoa damu, na sampuli zao zikatumiwa katika miradi mikubwa miwili ya kimataifa, wa HapMap na ule wa Jenomu 1000. Mradi wa pili ulichapisha matokeo yake ya mwisho mwaka 2015: watu 2,504 kutoka jamii 26 za ulimwengu, na tofauti zaidi ya milioni 88 zilizoorodheshwa. Miongoni mwao walikuwamo Waluhya 99 wa Webuye. Majina yao hayakuandikwa. Katika majedwali ya wanasayansi wanajulikana kwa herufi tatu tu, LWK. Seli zao zimehifadhiwa katika Taasisi ya Coriell huko New Jersey, Marekani, na herufi za DNA yao huweza kusomwa na mtafiti yeyote duniani.

Miradi hiyo ilithibitisha kwamba Waafrika wana tofauti nyingi za DNA kuliko watu wa mabara mengine, jambo linaloafikiana na ushahidi kwamba binadamu alianzia Afrika. Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Waluhya wana makabila madogo mengi, wakiwamo Wabukusu na Watachoni wanaoishi Webuye kwenyewe. Watu 99 wa mji mmoja hawawezi kuwa wasemaji wa Waluhya wote, sembuse Wakenya wote.

Lugha na Haki ya Kujua

Ujuzi huu umekwisha kuzaa matibabu. Dawa ya haidroksiurea, iliyojaribiwa kwa watoto wa Kilifi na wa Mbale, mji wa Uganda ulio upande wa pili wa Mlima Elgon, ilipunguza maumivu na vifo. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuihariri DNA ya mgonjwa yenyewe. Bei yake Marekani ilitajwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Kwa mzazi wa Bungoma, kinga iliyo karibu zaidi bado ni kupimwa mapema na kuelewa anachoambiwa.

Kuelewa huko hutegemea maneno. Mathalani, anayesema kwamba selimundu "huambukizwa" badala ya "kurithiwa" humfanya mtoto atengwe na wenzake. Anayechanganya "mbebaji" na "mgonjwa" humtia hofu mtu mzima mwenye siha. Anayeliita badiliko la jeni "kasoro" husahau kwamba badiliko hilohilo ni ngao dhidi ya malaria. Na anayenena juu ya laana ya ukoo humwachia mama mzigo wa lawama, ilhali mtoto hawezi kuwa mgonjwa pasipo nakala moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama.

Kiswahili kimeonyesha kwamba kina uwezo. Neno "selimundu" limeunganisha mkopo wa kisayansi na chombo anachokifahamu kila mkulima, na anayelisikia huliona umbo la chembe akilini. "Jeni", "kromosomu" na "protini" zimekubali viambishi vya lugha bila taabu. Kilichosalia ni kuyapeleka maneno hayo kliniki na barazani, yakiwa yameambatana na maelezo.

Hitimisho

Jeni ni maelekezo yaliyoandikwa kwa herufi nne, yanayosomwa tatutatu na kugawanywa upya katika kila kizazi. Mgawanyo huo ndio unaomlazimu mkulima wa Kibomet anunue mbegu mpya, na ndio unaoweza kumfanya mtoto mmoja augue na nduguye asalimike katika nyumba moja ya Bungoma. Watu wa Webuye wameipa dunia herufi zao zisomwe. Ni wajibu wa wasomi wa Kiswahili kuhakikisha kwamba yale yaliyosomwa yanarudi Webuye katika lugha ambayo aliyetoa damu anaweza kuisikia, kuihoji na kuitumia anapoamua kuoa, kuolewa au kumpeleka mtoto kupimwa.