SOMO LA JAMAA: MAMA AKISAHAU VIDONGE VYA UZAZI



Kina mama kadhaa wa kanisa letu hapa Nyarutarama walituuliza jambo ambalo wengine wanaona haya kulitaja: "Nikisahau kidonge cha kupanga uzazi, je, nimekwisha kushika mimba?" Tunajibu hapa ili na kina baba wasome. Kama Mkristo apange uzazi au asipange, hilo si somo la leo. Ndugu zetu Wakatoliki hufundishwa kuhesabu siku, na vituo vya afya vya kanisa lao hapa Rwanda havitoi vidonge. Lakini mama ambaye tayari anameza anapaswa kuujua ukweli, kwa sababu tumeona hofu ikiharibu zaidi kuliko kusahau kwenyewe. Mama anasahau kimoja, anakata tamaa, anaitupa pakiti nzima. Mimba inaingia hapo.

Kidonge kinazuia yai lisikomae na kutoka. Dawa inahitaji siku 7 mfululizo ili kulituliza yai. Likiisha kutulia, siku moja ya kusahau hailiamshi. Kwa hiyo ukisahau kimoja au viwili, meza mara unapokumbuka, hata kama siku hiyo utameza viwili, kisha endelea kama kawaida. Hatari ya mimba ni ndogo sana.

Sasa itazameni pakiti ya vidonge 28. Kwa kawaida 21 vina dawa, na 7 vya mwisho, mara nyingi vya rangi ya kahawia, ni vya madini ya chuma tu. Ukisahau hivyo 7, si neno. Kinachotisha ni kuchelewa kuanza pakiti mpya. Mwili umekwisha kukaa wiki nzima bila dawa. Ukiongeza siku tatu, yai linaamka. Na ndivyo inavyotokea kwetu: pakiti imekwisha, mituweli haijalipwa, au mama amekwenda Mahama kuona wazazi akaacha mpya nyumbani. Ichukueni pakiti mpya kabla ya ile ya zamani kwisha.

Ukikosa vitatu au zaidi mfululizo, au ukichelewa siku tatu kuanza pakiti, Shirika la Afya Duniani linaelekeza hivi: meza kimoja mara moja, endelea kimoja kila siku, na kwa siku 7 mtumie kondomu au mjizuie. Usimeze vyote ulivyokosa kwa pamoja, utatapika bure. Kama ilikuwa wiki ya tatu, maliza vyenye dawa, acha vya chuma, na kesho yake anza pakiti mpya. Na kama mlikutana katika siku 5 zilizopita, nenda kituo cha afya uulize kidonge cha dharura, maana mbegu ya mume inaweza kuishi tumboni hadi siku 5. Kinafaa ndani ya siku hizo 5, lakini kila saa unayokawia inakipunguzia nguvu. Hakitoi mimba iliyokwisha kuingia, kinachelewesha yai.

Mama anayenyonyesha hupewa vidonge vya aina nyingine, ambavyo vyote vina dawa. Hivi ni vikali juu ya saa. Vile vya levonorgestreli, ukichelewa zaidi ya saa tatu, umekosa. Kama mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu, na wewe hujaona siku zako, ziwa lenyewe linakulinda. La sivyo, meza na utumie kondomu siku 2. (Wanaosafiri kwenda Kampala wakumbuke kwamba saa ya kule imetangulia yetu kwa saa moja.)

Ukitapika kabla ya saa mbili kupita tangu umeze, meza kingine. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini amwambie muuguzi, kwa maana dawa hiyo inadhoofisha vidonge.

Katika wanawake 100 wanaomeza barabara kwa mwaka, hata mmoja ni nadra kushika mimba. Kwa jinsi watu wanavyomeza kweli, ni kama 7. Dada anayelala kwa tajiri wake, anayeficha pakiti chini ya godoro na kuamka saa kumi na moja, tusimwite mzembe. Kama unasahau kila mwezi, uliza habari za sindano ya miezi 3 au kijiti cha mkononi.

Ukiwa ulikosa vidonge na siku zako hazikuja, kapime, na uende na pakiti yenyewe mkononi ili muuguzi aone ulipoacha. Ikiwa mimba imo, vidonge ulivyomeza havijamdhuru mtoto.