Umepoteza au Umeibiwa?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini je, ukiulizwa wewe? Likizo iliyopita niliulizwa swali moja tu la Kiswahili katika kituo cha polisi, nikabaki kinywa wazi.

Mamangu alinipa simu yake nikaitengeneze mjini. Kwenye laini mlikuwa na pesa za chama chao. Ndani ya matatu tulibanana kama dagaa. Niliposhuka, mfuko ulikuwa mtupu! Nilikimbia hadi stesheni.

"Afande, nimepoteza simu!"

Askari alifungua kitabu cha matukio, ile OB, kisha akanitazama. "Kijana, umepoteza au umeibiwa? Ya kupotea hatumtafutii mwizi."

Basi somo letu ni hilo.

1. Kupoteza: Umekiacha kitu mahali, hujui wapi. Hapana mkosaji. "Nimepoteza kitambulisho."

2. Kuibiwa: Mtu amekichukua bila ruhusa yako. Kitenzi ni iba. Kutendewa ni ibiwa. Kwa hivyo simu imeibwa, mimi nimeibiwa. Ukisema "nimeibwa", basi mwizi amekubeba wewe mwenyewe!

3. Kunyang'anywa: Kimechukuliwa kwa nguvu au vitisho. Katika Sheria ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, wizi na unyang'anyi ni makosa mbalimbali, na adhabu ya unyang'anyi ni kali zaidi. Usiliseme neno hili ili kutia chumvi. Kumdanganya polisi pia ni kosa.

Baada ya kitenzi, taja mahali, saa, aina na rangi ya kitu. Kwa simu, taja namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Ibonyeze *#06# leo uiandike daftarini, maana simu ikishakwenda utaibonyeza wapi? Usitoke kituoni bila namba ya OB.

Nami nilisahihisha: "Nimeibiwa, afande." Akaandika upya, akaniambia tukafunge laini mara moja. Mama aliifunga jioni hiyo hiyo. Simu haikuonekana hadi leo, lakini pesa za chama zilisalimika, nami nikasalimika na fimbo.

Zoezi: Sahihisha sentensi hizi.
(a) Afande, nimeibwa baiskeli.
(b) Walinishikia kisu, nikapoteza saa yangu.