Pepopunda si Pepo: Wazuiaji wa Harakati Katika Mwili

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema. Katika darsa yetu tumeulizwa suali ambalo yafaa jawabu lake liwafikie na wasiohudhuria. Muulizaji asema: mtu akakamaapo mwili, au viungo vyake vikawa vyacheza bila ya yeye kutaka, watu wetu husema kuwa ana pepo na atakiwa kuchezewa ngoma. Je, hayo ni kweli?

Jawabu: Kwanza na ijulikane kuwa sisi hatukanushi kuwako kwa majini, Qur'ani imewataja. Lakini kuamini kuwa majini wako ni jambo moja, na kumtwika jini kila maradhi tusiyoyajua ni jambo jingine. La kwanza ni imani, la pili ni dhana. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alipoandika Qanun yake aliyaweka maradhi ya kupooza, kukakamaa na kutetemeka katika mlango wa maradhi ya neva. Basi si jambo geni katika Uislamu kuitafuta sababu ya ugonjwa ndani ya mwili wenyewe.

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya ubongo katika harakati ni kuamrisha tu. Kumbe kuzuia nako ni kazi kubwa. Hebu kunja mkono wako: msuli wa mbele wakaza, na wa nyuma hauna budi kulegea. Lau yote miwili ingekaza kwa nguvu moja, mkono ungesimama kama mti. Kulegea huko hakuji kwenyewe. Neva zinao utaratibu wa kuzuia, na aliyeudhihirisha vyema ni Charles Sherrington wa Uingereza, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1932. Ziko chembe za neva ambazo kazi yao ni kuwanyamazisha wenziwe kwa kumimina kiasi kidogo mno cha kemikali: katika uti wa mgongo aghalabu ni glisini, na katika ubongo aghalabu ni ile iitwayo GABA. Chembe hizo tutaziita wazuiaji.

Na wazuiaji hawa si wa namna moja. Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo striatamu, ambayo chembe zake nyingi kabisa ni wazuiaji. Ukiwatazama wafanana, lakini wamegawanyika makundi makubwa mawili. Ili tufahamu kazi yao, tufikirie jahazi bandarini: tanga limepandishwa na upepo upo, lakini chombo kimefungwa kwa kamba. Ili kiondoke hakisukumwi, bali hufunguliwa. Ubongo nao unao walinzi ambao daima huishika harakati isitoke, na walinzi hao pia ni wazuiaji. Kundi la kwanza la striatamu huwanyamazisha walinzi hao, harakati ikapata kutoka. Mzuiaji amemzuia mzuiaji, kamba ikafunguliwa. Kundi la pili, kwa njia ya mzunguko, huwatia walinzi nguvu, harakati isiyotakiwa ikabaki imefungwa. Yote mawili yatakiwa kwa pamoja: mwaka 2013 wachunguzi waliowatazama panya waliona kuwa makundi hayo mawili huamka pamoja harakati inapoanza.

Wako na wengine. Katika ubongo mdogo, ulio nyuma juu ya kikosi cha shingo, mna chembe zenye matawi mengi kama mti, ambazo Purkinje alizieleza mwaka 1837. Miaka ya 1960 Masao Ito wa Japani na wenziwe walithibitisha kuwa nazo ni wazuiaji. Hizo husaidia kuinyosha harakati na kuipimia kiasi chake, hata mkono ukifikishe kikombe mdomoni bila ya kumwaga.

Mtu aweza kuuliza: ya nini kuwajua wote hawa? Jawabu ni kuwa kila wanapoharibika wa namna fulani, ugonjwa huja kwa sura yake. Katika ugonjwa alioueleza James Parkinson mwaka 1817, hufa chembe zinazopeleka dopamini katika striatamu. Dopamini ndiyo huliamsha kundi la kwanza na kulituliza la pili. Ikipungua, kamba hazifunguki sawasawa: mtu huwa mzito, hukakamaa, na aghalabu mikono hutetemeka. Katika ugonjwa alioueleza George Huntington mwaka 1872, wanaotangulia kufa ni khasa wale wa kundi la pili, na harakati zisizotakiwa zikapata nafasi: viungo hucheza mwenyewe asitake. Asili yake ilijulikana mwaka 1993. Ni kasoro katika urithi, na kila mtoto wa mwenye ugonjwa huu ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. Si laana ya ukoo, wala si deni la mizimu.

Sasa twende kwenye pepopunda, ugonjwa ambao lugha yetu yenyewe imeupa jina la pepo. Asili yake ni kijidudu kiishicho katika udongo na samadi. Huingia kwa jeraha, kikatoa sumu, na sumu hiyo hupanda kwa njia ya neva mpaka kwenye uti wa mgongo na shina la ubongo. Huko huwaingia wazuiaji na kuwakataza kumimina kemikali yao. Wazuiaji wakisha kufungwa mikono, misuli yote hukaza kwa pamoja: taya hujifunga, shingo hukakamaa, mgongo hupindika kama upinde.

Na hapa ndipo penye khatari ambayo twataka kila msomaji aikumbuke. Mgonjwa wa pepopunda akili yake haikupotea. Asikia, afahamu, na aona uchungu. Na kwa kuwa hana wa kuzuia, sauti ndogo, mwangaza, au kuguswa tu kwatosha kumkaza upya. Basi fikiri, ndugu yangu, ni mateso gani kumpigia ngoma mtu huyu, kumzunguka kwa vigelegele na kumfukizia moshi! Waliomkusanyikia kumponya ndio wanaomzidishia. Hospitalini hulazwa mahali pa utulivu, jeraha likasafishwa, akapewa dawa ya kuivunja sumu, na nyingine kama diazepamu, ambayo huitia nguvu kazi ya GABA ili wazuiaji waliobaki wamsaidie. Lakini sumu iliyokwisha kuingia ndani ya chembe, dawa haiitoi tena. Kwa hivyo kila saa ipoteayo kwa mganga huenda ikawa ndiyo saa ya uhai wake.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani kwa sauti ya chini na kumwombea dua ni jambo jema, wala halipingani na tiba. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuhimiza tujitibu. Kinachokatazwa ni kumchinjia pepo na kumtaka msaada asiyekuwa Mungu. Huko ni kupoteza dini na mgonjwa pamoja.

Tena kinga iko karibu. Mama mjamzito na apate chanjo, na watoto wakamilishiwe zao. Kitovu cha mtoto kikatwe kwa wembe safi, kisipakwe majivu wala samadi. Hata aliyepona pepopunda yampasa achanjwe, kwani kuugua hakumpi kinga.

Mwenyezi Mungu ametutaka tutazame yaliyo katika nafsi zetu. Tukitazama, twaona kuwa hata kidole hakiinuki vyema pasina kitu cha kukizuia. Basi na sisi tuzizuie ndimi zetu tusiseme pepo kabla ya kujua.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.