Bega Linauma: Je, Kisu Kinasaidia?

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, weka gazeti chini kidogo. Inua mkono wako wa kulia pole pole mpaka uguse sikio. Haya, sasa wa kushoto. Kama umeweza bila kupiga kelele, una bahati. Wengi wetu tuliozoea jembe, mchi na ndoo ya maji hatuwezi. Mkono ukifika usawa wa bega, maumivu yanachoma. Usiku ndio balaa, maana ukilalia upande ule hupati usingizi.

Leo tutajifunza juu ya maumivu hayo. Tutaona jinsi madaktari walivyoijaribu dawa moja kubwa ya bega, yaani upasuaji, na jambo walilolikuta. Majaribio yenyewe yalifanyika Uingereza na Ufini. Lakini bega la Mzungu na bega la mkulima wa hapa yameumbwa namna moja.

Bega si kama goti. Goti kazi yake kubwa ni kukunja na kunyoosha. Bega linakwenda juu, chini, mbele na nyuma. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo, nacho kimekaa kwenye kikombe kisicho na kina, kama yai juu ya kijiko. Kinachokishika kisianguke ni misuli na kano. Kano ni zile kamba nyeupe ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa. Ukichinja mbuzi unaziona. Juu ya kano za bega pana mfupa mwingine, kama paa. Papasa juu ya bega lako, utaugusa. Kati ya paa na kano pana nafasi nyembamba tu.

Mwaka 1972, daktari mmoja wa Marekani, Charles Neer, aliandika kwamba maumivu mengi ya bega yanatokana na kano kusuguliwa na paa hilo mkono unapoinuliwa. Dawa yake ni kuupunguza mfupa ili nafasi iongezeke. Maneno hayo yaliingia akilini upesi. Hata seremala angekubali: mlango ukikwama kwenye fremu, si unapiga randa?

Basi upasuaji huo ukaenea. Zilipopatikana kamera ndogo za kupitisha kwenye tundu dogo la ngozi, ukaenea zaidi. Katika England peke yake, mwaka 2000 walipasuliwa watu 2,523. Kufika mwaka 2010 idadi ilikuwa 21,355 kwa mwaka. Wengi walipata nafuu, wakawashukuru madaktari wao. Sasa utauliza, ushahidi gani tena unatakiwa?

Hapa ndipo penye somo. Tuseme umetia mbolea mpya shamba lako lote la mahindi, na mwaka huo mvua ikanyesha vizuri. Ukavuna magunia mengi. Je, ni mbolea au ni mvua? Huwezi kujua. Bwana shamba atakwambia: gawa shamba. Upande mmoja tia mbolea, upande wa pili usitie, mvua iwe ile ile. Halafu pima.

Bega nalo lina mvua yake, nayo ni wakati. Maumivu mengi ya bega hupungua yenyewe, ingawa huchukua miezi. Tena mtu huenda kwa daktari siku ambazo maumivu yamezidi kabisa. Baada ya hapo, hata asipofanya lolote, huenda yakashuka. Na mtu akiamini ametibiwa sawasawa, imani hiyo nayo humtuliza. Kwa hiyo kusema "nilipasuliwa, nikapona" hakutoshi.

Madaktari wa Oxford, Uingereza, wakishirikiana na wenzao wa hospitali 32, waliamua kugawa shamba. Walichukua wagonjwa 313 waliokuwa na maumivu kwa miezi mitatu au zaidi, ambao kano zao hazikukatika, na ambao walikwisha jaribu mazoezi na sindano. Waligawanywa kwa kura, si kwa kupendelea. Watu 106 walipangiwa upasuaji kamili wa kupunguza mfupa. Watu 103 walipangiwa upasuaji wa bandia: walitobolewa, kamera ikaingizwa ndani, lakini mfupa haukupunguzwa. Watu 104 hawakupangiwa upasuaji wowote.

Najua wapo watakaosema, "Ala! Kumpasua mtu bure si udanganyifu?" Ni swali la haki. Lakini wagonjwa wote walielezwa mapema kuwa jaribio liko hivyo, na aliyekubali ndiye aliyeingia. Waliopasuliwa hawakuambiwa tu ni upasuaji wa namna gani. Kwa maoni yangu, udanganyifu mkubwa zaidi ni kupasua maelfu ya watu kila mwaka bila kujua kama kunasaidia.

Baada ya miezi sita kila mtu aliulizwa maswali 12: unaweza kuvaa nguo? unaweza kuchana nywele? usiku unaumwa? Majibu yalitiwa alama kutoka 0 hadi 48. Mwenye 48 bega lake ni zima. Waliopunguzwa mfupa walipata wastani wa alama kama 33. Waliopasuliwa kwa bandia walipata 34. Kumbe mfupa kupunguzwa hakukuongeza kitu! Wasiopasuliwa kabisa nao walipata nafuu, wakafika alama 29. Watafiti walipiga hesabu, wakasema tofauti hiyo ni ndogo mno, mgonjwa hawezi kuiona faida yake. Tena hao wa mwisho walijua kuwa hawakutibiwa, na jambo hilo peke yake linaweza kushusha alama. Matokeo yalitolewa mwaka 2017.

Jaribio hilo lilikuwa na kasoro. Baadhi ya watu hawakupata kile walichopangiwa na kura, hasa wale wa upasuaji wa bandia. Ila mwaka 2018 yalitoka matokeo ya Ufini. Huko walipimwa watu 210 na kufuatiliwa kwa miaka miwili. Jibu likawa lile lile: kupunguza mfupa hakukushinda upasuaji wa bandia. Mwaka 2019 kamati ya wataalamu wa nchi mbalimbali, pamoja na wagonjwa wenyewe, ilishauri kwa nguvu kwamba upasuaji huo usifanywe kwa maumivu ya namna hii.

Angalia hapo: "ya namna hii." Aliyeanguka akavunjika, au kano zake zimekatika, shauri lake ni jingine, na huenda kisu kikamfaa.

Sasa kama si kisu, ni nini? Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya jaribio jingine la Uingereza, la watu 708. Wengine walikutana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo mara nyingi, mpaka mara sita. Wengine walikutana naye mara moja tu, wakaelezwa vizuri, wakapewa kijitabu na mazoezi mepesi ya nyumbani. Baada ya mwaka mmoja makundi yote yalilingana. Wengine walichomwa sindano ya dawa ya kutuliza bega. Ilisaidia kidogo wiki za mwanzo, lakini mwaka ulipokwisha haikuonekana faida.

Habari hii inatufaa sisi tulio mbali na hospitali kubwa. Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Simama ukitazama ukuta, utambaze vidole kuelekea juu mpaka unapoweza, kisha ushuke. Au funga kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kwenye nguzo. Bana kiwiko ubavuni, kisha uvute mpira pole pole kuelekea nje. Anza na mara chache, uongeze wiki hadi wiki. Maumivu madogo si hatari. Yakizidi na kubaki mpaka kesho yake, punguza. Usiufunge mkono kwa kitambaa wiki nzima kwa kuogopa, maana bega lisilotumika hukakamaa. Mwenye ugonjwa wa kisukari awe mwangalifu zaidi, kwani mabega ya wenye kisukari hukakamaa kwa urahisi.

Lakini nenda hospitali upesi, usingoje mazoezi, kama bega limeumia kwa kuanguka na mkono hauinuki. Kama limevimba, lina joto na una homa. Au kama maumivu yako bega la kushoto pamoja na kifua kubana na kuishiwa pumzi. Hilo la mwisho huenda likawa ni moyo.

Maswali ya kujadili katika kundi

Jumlisha 106, 103 na 104. Je, jibu linalingana na idadi ya wagonjwa wa jaribio la kwanza?

Kwa nini watu waligawanywa kwa kura? Ingekuwaje kama daktari angejichagulia wa kumpasua?

Taja dawa moja inayosifiwa kijijini kwenu. Mngeweza kuijaribu vipi ili mjue kama ni mbolea au ni mvua?